Kabla Hamjaziba Tundu la Juu ya Mlango

Ndugu zangu mliobaki karakana,

Wiki tatu zilizopita mlinipa ngazi. Ngazi nzuri ya aluminiamu, imefungwa utepe mwekundu, mkanikabidhi mbele ya watu wote pale ukumbini Malaba. Mtu anastaafu, magoti yamekataa kupanda, kisha wenzake wanachanga wanamnunulia kitu cha kupandia. Nilishukuru. Nilikuwa nimepangiwa dakika tatu za kusema machache, lakini aliyeomba sala ya kufungua alizila mbili, na ile iliyobaki niliimaliza kwa kukohoa. Kwa hiyo niliyotaka kusema nayaandika hapa nyumbani Mundika, nimekaa kitako, ambapo hakuna mshereheshaji wa kunionyesha saa.

Kuna pia sababu ya haraka. Mama Adikinyi, ambaye nyote mnamjua kwa sababu asingekuwa yeye na fagio lake mngekuwa mnaogelea kwenye matope ya malori hadi leo, amenipigia simu. Anasema jengo la mbele litapakwa rangi upya, na kwenye karatasi ya kazi iliyobandikwa karakana kuna mstari unaosema: ziba tundu la juu ya mlango mkubwa. Anasema pia tundu lenyewe limeanza kuwekwa matope. Naomba basi msome hadi mwisho kabla hamjachanganya saruji. Tundu hilo niliwahi kuliziba mimi, kwa mkono huu, kwa ufundi ambao hadi leo naona aibu nao.

Nilianzia Busia, kwenye ofisi za forodha za mpakani. Siku ya kwanza nilifika kazini na viatu vilivyong'arishwa, nikaambiwa nimwone fundi mkuu, Mzee Emuria. Alikuwa mtu wa Amukura, mfupi, na kofia ya sufu ambayo haikutoka kichwani hata jua la saa saba. Alivitazama viatu vyangu, akanituma darini.

Kisa kilikuwa bundi. Kulikuwa na afisa mmoja, mzee wa kanisa, aliyesikia bundi akilia juu ya ofisi yake. Yeye mwenyewe alieleza wazi kwamba haamini mambo ya kishirikina hata kidogo. Ila kwa wiki mbili alikuwa amehamishia meza yake kwenye korido, akisema anatafuta hewa. Nilipanda na tochi nikamkuta bundi mwenye uso mweupe amekalia faili za zamani pamoja na watoto watatu wenye manyoya machache na hasira nyingi. Nilishuka mbio kuliko nilivyopanda.

"Umeona nini?" Mzee Emuria akaniuliza.

"Bundi na watoto watatu, mzee."

"Wanakula nini?"

"Kuna mifupa ya panya kila mahali."

"Basi hao ndio wanafanya kazi hapa. Hao wengine tunawaona tu wakikunywa chai."

Tulikata kipande cha mbao tukakipigilia chini ya kiota ili kinyesi kisidondokee meza, tukamwambia afisa kwamba tumeweka dawa. Alirudi ofisini siku iyo hiyo akiwa mchangamfu. Bundi walikaa hadi watoto wakaruka, na panya hawakula faili tena, ingawa sina hakika kama hilo lilikuwa faida kwa taifa.

Mzee Emuria alinifundisha kazi kwa vifaa vitatu. Cha kwanza mwiko, cha pili timazi ya kunyooshea ukuta, cha tatu kidole. Tundu usilolijua, alisema, unatia kidole kwanza. Si kijiti, si msumari, kidole chako mwenyewe, kwa sababu kijiti hakiogopi kitu. Sheria hiyo aliipata kwa uchungu. Ujanani aliziba tundu kwenye ukuta wa nyumba ya mwalimu mmoja huko Nambale, akalisawazisha vizuri, akaondoka. Ndani ya ukuta kulikuwa na nyuki. Walitafuta njia nyingine, wakatokea kwenye swichi ya sebuleni, mchana ambao wakwe walikuwa wamekuja kuzungumza mahari. Mazungumzo hayo hayakurudiwa tena.

Jambo la pili alilonifundisha ni kuchukia plasta mbaya. Nikiacha wimbi ukutani alikuwa ananigonga vidole kwa ubao wa kusawazishia. Baada ya miaka kadhaa sikuweza kuingia nyumba ya mtu bila kupapasa kuta zake. Mke wangu alinikataza kwenda naye matangani, maana watu wanalia na mimi natazama kona. Alinifundisha vizuri mno, na hapo ndipo nilipokuja kuharibu.

Nilipohamishiwa Malaba, uani kwetu kulikuwa na mvule. Nyinyi wengi hamkuukuta. Ulikuwa mti mkubwa, mzee kuliko mpaka wenyewe, shina lake lina mashimo yaliyoachwa na matawi yaliyoanguka. Shimo la juu kabisa lilikuwa la hondohondo, wale ndege wa mdomo mkubwa, yale ya katikati ya kwezi, na la chini alikaa bundi. Madereva wa malori waliosubiri karatasi zao walilala chini yake, Wakenya, Waganda, Wakongo, na ndege wakawadondoshea wote bila kuuliza pasipoti.

Kisha tukaletewa bosi mpya. Simtaji jina, amestaafu na ana wajukuu wanaojua kusoma. Alikuja na gari ambalo halikutakiwa kupigwa jua. Ikaandikwa barua kwamba mvule ule unahatarisha usalama wa watumishi, mti ambao haukuwa umemuumiza hata mlevi. Ukakatwa. Mahali ulipokuwa tukaagizwa kujenga kivuli cha mabati cha magari manne. Mimi ndiye niliyesimamisha nguzo. Tulikata mti wenye kivuli ili tujenge kivuli, na chini ya mabati yale jua la saa nane likawa linapika usukani kama chapati. Mbao za mvule sijui zilienda wapi. Ninachojua ni kwamba meza mpya ya bosi ilikuwa nzito kiasi cha kubebwa na watu sita, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Ndege hawakupewa barua, kwa hiyo hawakujua waende wapi. Walihamia kwetu. Kwezi waliingia kwenye lile bango kubwa la chuma la mbele, wakatokeza majani makavu kati ya herufi hadi jina la ofisi likaota ndevu. Bundi aliingia stoo ya bidhaa zilizoshikwa. Shorewanda walichukua kisanduku cha mashine ya hewa baridi, ambayo kwa vyovyote ilikuwa haijawahi kutoa hewa wala baridi. Bosi akatoa notisi: ndege wote waondoke katika majengo ndani ya siku saba. Ilipigwa muhuri ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo ulio chini ya bango. Siku ya pili haikusomeka tena, na waliofanya iwe hivyo walikuwa wamekaa juu yake.

Hapo mtu wa manunuzi akaleta suluhisho la kisasa, bundi wa plastiki. Macho ya manjano, kichwa kinazunguka upepo ukivuma. Eti ndege wakimwona watakimbia. Tulimpandisha juu ya paa asubuhi, na kufikia mchana waliokimbia walikuwa makarani. Wawili waliomba ruhusa ya ugonjwa. Mawakala wa forodha waliokuwa wanapanga foleni mlangoni walianza kupitia nyuma. Mama mmoja muuza ndizi kutoka ng'ambo alisimama barabarani akauliza nani amekufa humu ndani. Kwezi nao walimzoea kabla ya jua kutua, mmoja akawa anakalia kichwa chake na kuzunguka naye. Bundi wa plastiki alishushwa kimyakimya. Bado yuko stoo, nyuma ya mabomba, mkitaka kumwona.

Sasa nije kwenye jengo la mbele.

Lilijengwa na mkandarasi kutoka mbali, na ukumbi wake ulikuwa ufunguliwe na mgeni mkubwa kutoka Nairobi. Jiwe la ufunguzi lilichongwa kabla vyoo havijaunganishwa maji. Mkandarasi alipoondoka tuliachiwa sisi kumalizia alivyoviacha, na miezi hiyo nilikuwa narekebisha kuta za wengine kutoka asubuhi hadi jioni, nikiwalaani. Alhamisi mchana, siku moja kabla ya mgeni kufika, bosi akanionyesha juu ya mlango mkubwa.

"Barasa, hiyo uchafu ni nini?"

Nilitazama. Palikuwa na tundu la hewa ambalo mkandarasi alisahau kuliwekea wavu. Mtu alikuwa amelijaza tope. Tope lenyewe limechanganywa na mbegu na makapi, limepakwa bila mwiko, lina mawimbi, na katikati pameachwa ufa mwembamba wa kutosha ncha ya kidole. Niliona haya kwa niaba ya ufundi. Nilijiambia ni wale vijana wa mkandarasi, wamekosa saruji wakaziba kwa tope ili walipwe waende. Na kwa haki, haikuwa mbaya kuliko baadhi ya kuta zao.

"Ni kazi ya mkandarasi, bosi."

"Maliza leo. Kesho saa nne mgeni atasimama hapo chini akate utepe."

Nilipanda ngazi. Kidole changu kilikuwa nusu shubiri kutoka kwenye ule ufa. Sikukitia. Miaka yote niliyokuwa nimeishi na sheria ile, na siku hiyo sikuikumbuka, maana nilikwisha kuamua ni kazi ya nani na nilikuwa nimeshughulika kumdharau. Nilinyunyizia maji, nikapiga saruji juu ya tope, nikasawazisha, nikapitisha sponji. Ilitoka laini kama kioo. Nilishuka nikasimama mbali nikaitazama, nikajisifu peke yangu kwa sauti.

Nilisikia kugongwa nikiwa naosha mwiko. Hondohondo mmoja, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mdomo mwekundu, alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa ukuta anadonoa saruji yangu. Nikampigia makofi akaruka. Akarudi. Nikamtupia kokoto, akaruka hadi mlingoti wa bendera, na nilipokuwa naondoka kwenda nyumbani alikuwa amerudi tena. Nilifikiri anaharibu kazi yangu kwa sababu ni mjinga.

Ijumaa saa moja asubuhi nilifika nikamkuta Mama Adikinyi amesimama na fagio, anatazama juu. Kapeti jekundu lilikuwa limeshatandikwa. Yule ndege alikuwa pale pale, na saruji ilikuwa na vishimo vidogo kila mahali alipopigapiga.

"Fundi, hiyo ndege inakuita," Mama Adikinyi akasema.

"Wacha igonge, itachoka."

"Haigongi bure. Angalia mdomo yake."

Nikatazama. Alikuwa ameshika tunda la mtini. Analigusisha ukutani, anangoja, analigusisha tena.

"Bibi yake iko ndani," akasema. "Hao wakitaka kuzaa, mke anaingia kwa shimo ya mti, wanaziba na matope, wanaacha tu pahali ya mdomo. Manyoya yake ya kuruka inatoka, anakaa huko na watoto, bwana ndiye analeta chakula mpaka watoto wakuwe. Kwetu tulikuwa tunaona hiyo kwa mvule kila mwaka. Sasa mvule mlikata. Fundi, wewe umefungia bibi ya mtu."

Hakunipigia kelele. Aliendelea kufagia. Mimi nilibaki nimeshika mkoba wa vifaa, kwa sababu lile tope nililolicheka lilikuwa limejengwa na fundi aliyejua hasa anachofanya, na mwenye kazi ya ovyo pale ukutani nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemnyima mama chakula na pumzi tangu jana mchana, na nikajisifu.

Nilifikiria kupitia ndani. Upande wa ndani wa tundu ulikuwa umefunikwa na ubao wa ukumbi, uliogundishwa na mkandarasi kabla hajaondoka, na funguo za ukumbi zilikuwa mfukoni mwa bosi, na bosi alikuwa Busia akimpokea mgeni. Ikabaki njia moja, kutoka nje, juu ya kapeti jekundu, kwenye ukuta uliopakwa rangi juzi.

Nilipanda. Nyundo sikuitumia, maana pigo lingevunja tope lake na yeye hana mabawa ya kukimbilia popote. Nilichukua tindo ndogo nikawa naigonga kwa mpini wa mwiko, polepole, nikiing'oa saruji vipande vya ukubwa wa kucha. Saruji ya jana bado ni changa, lakini mimi nilikuwa nimeichanganya vizuri, na kila kipande kilichogoma kilinikumbusha jinsi nilivyojipongeza. Vumbi lilidondoka kwenye kapeti. Mlinzi alikuja akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia bado, anisubiri. Bwana hondohondo alikaa kwenye mlingoti na tunda lake mdomoni, ananitazama. Sijawahi kusimamiwa kazi vile.

Ufa ulipotokea hakukutokea kitu. Giza tu na harufu. Nikaita, sijui niliita kwa lugha gani. Kimya. Hapo nikafanya kilichotakiwa kufanywa siku iliyotangulia, nikatia kidole.

Alinidonoa hadi mfupa. Nililia machozi, na sitasema ni kwa maumivu. Nilishuka ngazi nikiacha damu kwenye kila kipago, na sikuwa nimefika chini kabla bwana hajatua na kuanza kulisha. Kumbe hakuwa na tunda moja. Alikuwa ameyaweka mengine kooni, anayatoa moja moja, na ule mdomo wa ndani unayapokea kwa haraka ya mtu aliyelala njaa.

Msafara ulifika mapema kuliko ilivyopangwa. Bosi alishuka gari akaona tundu, kapeti lenye vifusi, na mimi na kidole kilichofungwa kitambaa cha kupigia deki.

"Barasa. Nini hii?"

"Kuna ndege na watoto huko ndani, bosi. Nilikuwa nimewaziba."

"Na unaniambia leo?"

"Niliwaziba jana. Leo nimewazibua."

Hakupata nafasi ya kunijibu kwa sababu mgeni alikuwa ameshafika nyuma yake, ametazama juu, anauliza yule ni ndege gani na anafanya nini. Bosi hakupepesa jicho.

"Hiyo, mheshimiwa, ni sehemu ya mpango wetu wa mazingira. Tumeacha nafasi hapo makusudi."

Mgeni akapiga makofi, na kwa kuwa mgeni amepiga, wote wakapiga. Ikapigwa picha ya bosi akinyoosha kidole juu. Ile picha iliyo kwenye korido, kulia ukiingia, ndiyo hiyo. Pembeni kuna ngazi, na kwenye ngazi kuna miguu hadi magotini, nilipokuwa nimerudi kufuta rangi iliyochubuka. Miguu hiyo ni yangu. Bosi alipata barua ya pongezi kwa kujali viumbe, na yule aliyekata mvule ni yeye. Mimi Jumatatu nilipata barua ya onyo kwa kuharibu mali ya umma. Zote mbili zilichapwa na karani mmoja, akaja kuniambia ametumia karatasi nzuri zaidi kwa yangu.

Barua haikuniuma. Kilichoniuma ni Mzee Emuria. Alikuwa amestaafu, nikamfuata Amukura kumsimulia, nikijua atacheka, hasa ile sehemu ya mgeni. Alisikiliza hadi mwisho kofia ikiwa kichwani.

"Kidole ulitia?" akauliza.

"Siku ya pili, mzee."

"Siku ya kwanza?"

"Sikutia."

Aliitazama mikono yangu kama alivyotazama vile viatu, kisha akaagiza niletewe chai. Hatukulizungumza tena, na mwaka uliofuata tulimzika. Ningefurahi kama angenigonga na ule ubao.

Tangu hapo hondohondo wamekuwa wakirudi. Mimi nililainisha kingo za lile tundu zionekane za makusudi, kwa kuwa ndivyo mheshimiwa alivyoambiwa. Sijui kama ni wale wale au watoto wao. Mabosi wamepita watano, kila mmoja akauliza ule uchafu ni nini, na kila mmoja nikampeleka koridoni nikamwonyesha picha. Sasa mimi nimeondoka na mmemkaribisha wa sita, na inaonekana hakuna aliyempeleka koridoni.

Kwa hiyo hivi ndivyo mtakavyofanya. Pakeni kuta zote, acheni nafasi ya mikono miwili kuzunguka tundu. Msikoroge rangi chini yake, harufu inapanda. Matope yakibomolewa kutoka ndani na watoto wakatoka, mnaweza kupaka pale palipobaki. Ikiwa hamwezi kungoja, basi mnaharakishwa na mtu ambaye hata choo chake hakijaunganishwa maji.

Najua hamtanisikia wote. Nami niliambiwa na mtu niliyemheshimu kuliko baba yangu, na sikusikia. Ndiyo maana Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa hapo mlangoni. Nitapanda boda na ngazi yangu, utepe bado haujafunguliwa, na nitaiegemeza mwenyewe. Karatasi ya kazi ina nafasi ya sahihi hapo chini, ya fundi aliyekagua tundu na kuandika alichokuta. Atakayetaka kusaini atapanda kwanza bila mwiko, atie kidole kwenye ufa. Kisha ashuke anionyeshe. Kama hakuna damu, hakutia kidole, asisaini.